Barua Hulala kwa Aliyeandikiwa: Ushauri kwa Watafutaji wa Masasi na Newala

Mtu atakaye kuzitafuta barua za wazee wake hana budi aliweke moyoni jambo moja ambalo watafutaji wengi, pamoja na bidii yao yote, hulisahau: barua haikai kwa aliyeiandika, hukaa kwa aliyeandikiwa. Maneno aliyoyatuma babu yako kutoka Masasi hayamo Masasi. Yaliondoka siku ile alipomkabidhi tarishi bahasha yake, na kama yamesalimika hata leo, yamesalimika katika nyumba ya mtu mwingine, pengine ng'ambo ya bahari, katika kabati la maktaba ambayo yeye hakupata hata kulisikia jina lake. Yaliyosalia nyumbani kwake, iwapo mchwa na mvua na moto viliyahurumia, ni maneno ya watu wengine wakimwelekea yeye. Basi mazungumzo yaliyokuwa ya watu wawili yamegawanyika nusu mbili, kila nusu na nyumba yake, na kazi ya mtafutaji ni kuzikutanisha. Nawaandikia hayo wenyeji wa Masasi na Newala kwa sababu nchi yao ina barua nyingi katika makasha ya watu wengine na chache mno katika makasha yake yenyewe.

Chukua habari ya Machemba, mkuu wa Wayao aliyetawala juu ya uwanda wa Makonde. Mwaka 1890 Hermann von Wissmann, ambaye alikuwa ameishika pwani kwa mizinga kwa niaba ya Dola ya Ujerumani, alimtaka aje kujisalimisha. Machemba alimjibu kwa Kiswahili, kwa barua isiyo na tusi wala makelele, akasema kwamba maneno ameyasikia lakini haoni sababu ya kuyatii. Kwamba kama linalotakwa ni urafiki, yeye yu tayari leo na siku zote, ama kuwa chini ya mtu, hilo hapana. Kwamba mwenziwe ni kiumbe cha Mungu kama alivyo yeye, kila mmoja ni sultani katika nchi yake. Na kwamba hatakwenda, mwenye nguvu na aje amchukue. Aliyaishi maneno hayo miaka kadhaa, hata mwaka 1899, aliposhindwa kwa silaha, akavuka Ruvuma kuingia upande wa Wareno. Sasa fikiri, msomaji, ni nani aliyetutunzia barua hiyo. Kasha la Machemba lilikuwa kasha la mtu apiganaye na kuhama. Kasha la Wissmann lilikuwa la serikali yenye makarani, nambari na rafu. Adui yake ndiye aliyemhifadhia kauli yake, si kwa mapenzi, bali kwa desturi ya ofisi ya kutotupa karatasi iliyopokelewa. Wajukuu wa uwanda huo wakitaka kumsikia mzee wao akisema, hawana budi kupitia mlango wa aliyemfukuza, na sioni haya yoyote katika kuupita. Faili za iliyokuwa ofisi ya makoloni ya Ujerumani zimo leo katika nyumba ya nyaraka ya taifa hilo mjini Berlin, na sehemu yake kubwa imekwisha kupigwa picha na kuwekwa katika mtandao, hata mtu wa Kitangari mwenye simu na subira aweza kuzifunua bila ya kupanda ndege.

Ndiyo maana, kabla hujaandika ombi lolote au kupanda basi kwenda popote, nakushauri uketi na karatasi tupu uandike majina ya watu wote ambao mzee wako yamkini aliwaandikia: askofu wake, mwalimu wake, bwana shauri, tajiri wa shamba la mkonge aliyemwajiri, ndugu yake aliyekwenda Tanga au Unguja, rafiki wa chuoni. Orodha hiyo ndiyo ramani yako. Ukimtafuta kwa jina lake yeye mwandishi, aghalabu utaambiwa hayumo. Ukimtafuta kwa jina la aliyempelekea, utamkuta amejificha katikati ya faili la mtu mkubwa. Chukua mfano wa Trevor Huddleston, aliyekuwa Askofu wa Masasi tangu mwaka 1960 hata 1968: nyaraka zake zimo katika maktaba ya Bodleian, huko Oxford, na nyaraka za askofu si zile alizoziandika tu, bali pia zile alizozipokea. Kama baba yako alikuwa mwalimu au padre katika dayosisi hiyo miaka ile, akamwandikia askofu wake kuomba, kushukuru au kulalamika, basi huko ndiko kwa kuanza, wala si kwenye dari ya nyumba ya urithi.

Nchi hii ilianza mapema kuandika na kuandikiwa. Askofu Edward Steere alifika Masasi mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa kutoka utumwani, nao wakafanya makazi hapo. Mwaka uliofuata akaja Chauncy Maples, kijana wa Oxford, aliyekaa miaka mingi baina ya Masasi na Newala kabla ya kuhamia upande wa Ziwa Nyasa, ambako alizama mwezi wa Septemba 1895, miezi michache tu baada ya kuwekwa wakfu kuwa askofu wa Likoma. Dada yake, Ellen, alizikusanya barua zake akatoa kitabu mwaka 1897, na kingine cha majarida na maandiko yake mwaka 1899. Vitabu hivyo vina faida kubwa kwa mtu wa Masasi, maana humo mna milima, njia, njaa, wakuu na watu wa nchi wakitajwa na mtu aliyewaona kwa macho yake. Walakini visomwe kwa tahadhari. Dada anayemwombolezea kaka yake huchagua. Huacha barua ya hasira, hukata jina la mtu aliye hai bado, huondoa maneno ya ugonjwa na ya deni, naye hana lawama kwa kufanya hivyo. Kwa hiyo mtafutaji asitosheke na chapa ikiwa asili yapatikana, na kila akutapo nukta tatu za kuonyesha kwamba maneno yamerukwa, ajue kwamba huenda lile alitafutalo yeye ndilo lililorukwa.

Tena wasomaji wengi hudhani kwamba sanduku la wamisionari lina barua za wamisionari peke yao. Si hivyo. Cecil Majaliwa, Mwafrika wa kwanza kufanywa padre katika UMCA, ile misheni ya akina Steere na Maples, mwaka 1890, alifanya kazi yake Chitangali, katika nchi hiyo hiyo ya Ruvuma, na watu kama yeye, pamoja na walimu waliotoka chuo cha Kiungani huko Unguja, walikuwa hawana budi kuandika mara kwa mara, maana askofu alikuwa mbali. Wanafunzi wa Kiungani nao walianza mwaka 1888 kuchapa gazeti lao, *Msimulizi*, wakiletewa habari na wenzao waliopelekwa vituoni. Na misheni yenyewe ilikuwa na jarida la kila mwezi huko Uingereza, *Central Africa*, tangu mwaka 1883, ambalo lilipenda kuchapa barua kutoka vituo vyake. Mwenye nia ya kweli asiache kuyapekua yote mawili. Na akumbuke neno moja la njia: UMCA iliungana na chama kingine cha misheni mwaka 1965 vikawa USPG, kwa hiyo nyaraka zake huko Oxford huorodheshwa chini ya jina hilo jipya, na mtu aulizaye kwa jina la zamani tu huweza kurudishwa mikono mitupu na karani asiye na habari.

Ombi lako kwa mtunza nyaraka liwe fupi na liwe na mipaka. Asemaye “nataka kila kitu kuhusu Newala” hampi karani kazi, humpa mzigo, na mzigo huwekwa kando. Sema hivi: “Natafuta barua zilizoandikwa kwa Kiswahili kutoka Chitangali, nchi ya Ruvuma, kati ya mwaka 1890 na 1894, na padre Cecil Majaliwa au walimu waliokuwa pamoja naye, kwenda kwa Askofu Smythies. Naomba kujua kama zimo, nambari ya faili, na gharama ya nakala.” Mambo matatu yametakwa, kila moja lina jawabu. Ukijibiwa, iandike nambari ya faili papo hapo kama ulivyopewa, pamoja na mikwaju na nukta zake, kwa kuwa bila ya nambari hiyo barua uliyoiona leo hutaipata tena mwakani.

Hapa nyumbani, mlango mkubwa ni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ambayo faili zake za zamani za Kijerumani ziliingizwa mwaka 1997 katika orodha ya UNESCO ya kumbukumbu za dunia. Nenda na barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa au ya chuo chako, na uulize mapema kama utahitaji kibali. Usitafute Masasi chini ya Masasi peke yake: enzi za Wajerumani mambo ya nchi hii yalipitia boma la Lindi na la Mikindani, na enzi za Waingereza yaliingia katika faili za Jimbo la Kusini. Ukumbuke na tahajia zao. Karani wa Kijerumani huandika Massassi kwa sini mbili mbili, na katikati ya jina la Machemba huweka herufi nne, tsch, mahali ambapo sisi tunatumia mbili tu, ch. Mwingereza naye aliwaita Wangoni kwa jina la Magwangwara, nawe utafutaye habari za kuvamiwa kwa Masasi mwezi wa Septemba 1882 ukaandika “Wangoni”, waweza kuipita mara kumi usiione. Wabenediktini nao, waliofika Lukuledi mwaka 1895, wakachomewa misheni katika vita vya Maji Maji vya 1905 na kuanza Ndanda mwaka uliofuata, waliandika Kijerumani kwa mwandiko wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo huushindwa. Karatasi ya namna hiyo usiikisie; mtafute mtu mzima aliyesomeshwa mwandiko huo, umlipe haki yake.

Sasa nije kwenye barua za nyumbani, ambazo kwa maoni yangu ndizo zilizo katika hatari kubwa kuliko zote, maana za Oxford zina mlinzi na kipimo cha joto, na za nyumbani kwako hazina hata kitambaa. Hapa mtafutaji wa uwanda wa Makonde anahitaji elimu ambayo kitabu cha kigeni hakitampa. Katika nchi nyingi utaambiwa: nenda kwa mtoto wa kiume wa marehemu. Katika nchi ya Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambako ukoo kwa desturi huhesabiwa kwa upande wa mama, mtoto wa kiume huenda hana hata karatasi moja. Vitu vya mzee vilimwendea mpwa wake, mtoto wa dada, na pengine vimo katika kijiji kingine kabisa, alikozaliwa mama wa mzee. Basi nenda kwa huyo mpwa na watu wake kwa adabu, usianze na barua, anza na salamu na habari za aila. Ukifika wakati, uliza kama yuko aliyerithi jina. Kwani jina nalo hurithiwa. Matola wa Newala aliyewapokea wamisionari wa kwanza si yule Matola ambaye Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani kutoka Leipzig, alikutana naye mwaka 1906; mtu asiyejua hayo humfanya mzee mmoja aishi umri wa watu wawili na kumbambikia maneno ambayo hakuyasema. Kadhalika mtu mmoja aweza kuwa na jina la utotoni, jina alilotoka nalo jandoni, na jina la ubatizo au la Kiislamu, akatia sahihi moja kwa askofu na nyingine kwa dada yake. Yaandike yote juu ya ukurasa mmoja kabla hujasema kwamba hawa ni watu watatu.

Ukiipata barua, usiiharakishe. Salamu ndefu za mwanzo na za mwisho, ambazo kijana wa leo huziruka, ndizo aghalabu zenye mali: humo mna orodha ya watu wa nyumba, nani mzima, nani amekufa tangu barua iliyopita, nani anatajwa na nani, kwa makusudi, hatajwi. Ziandike zote. Tazama pia mkono: barua nyingi za manamba waliokwenda Tanga kukata mkonge hazikuandikwa nao wenyewe, ziliandikwa na karani au mwenzi aliyesoma, na huku Newala zilisomwa kwa sauti na mtoto wa shule mbele ya watu waliokusanyika barazani, kwa hiyo maneno ya mume kwa mke yalipita katika midomo miwili kabla ya kumfikia mwenyewe, na lililo la siri lilisemwa kwa fumbo au halikusemwa. Ukiona sentensi moja imeandikwa pembeni, kwa kuzunguka ukingo wa karatasi, kwa wino mwingine au kwa kalamu ya risasi, hiyo isome mara mbili.

Barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa khati za Kiarabu zisikutishe. Mpelekee mwalimu wa chuo aliyezoea khati za mkono, usome naye ukiwa umeketi ubavuni pake, kwa kuwa yeye ajua herufi nawe wajua majina ya watu na vijiji. Mmoja peke yake hukosea. Tarehe zake ni za Hijra, na mwaka huo ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama kumi na moja, basi haiwi kutoa hesabu moja tu ukapata jawabu. Mwaka 1308 ulianza mwezi wa Agosti 1890. Barua ya mwaka 1890 yaweza kuwa ya 1307 au ya 1308 kwa kufuata mwezi wake. Na mwezi wenyewe waweza kutajwa kwa hesabu ya pwani: mfunguo mosi ni Shawwali, mfunguo tatu ni Dhulhija, mfunguo nne ni Muharamu ambao ndio mwanzo wa mwaka mpya, na kuendelea hata mfunguo tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani.

Kuhusu utunzaji nitasema machache. Usibandike seloteipu, usitie plastiki ya moto, usipige pasi, usianike juani; ondoa pini na waya wenye kutu kwa taratibu; ukitaka kuandika kitu, andika kwa penseli nyuma ya bahasha, na bahasha usiitupe, maana muhuri wa posta mara nyingi ndio tarehe pekee iliyopo. Lakini kuna adui wa nchi hii ambaye vitabu vya utunzaji havimtaji, naye ni salfa. Mkulima wa korosho hununua salfa ya unga kwa ajili ya ubwiri unga, akaiweka magunia chumbani hadi msimu wa kupulizia, na chumba hicho ndicho mara nyingi chenye sanduku la karatasi za ukoo. Unga ule, ukikutana na unyevu wa asubuhi za ukungu wa uwandani, huweza kuzaa tindikali. Karatasi hugeuka ya manjano, kisha ya kahawia, kisha huvunjika kwenye mikunjo kama jani kavu. Barua na salfa zisilale chumba kimoja. Sanduku la bati lafaa dhidi ya panya, ila hutoka jasho kwa baridi, basi zifunge barua kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila ya sabuni ya manukato, uliinue sanduku juu ya matofali mbali na ukuta ili mchwa akija umwone njia yake, na ulifungue kila mwaka mvua zinapokwisha, mwezi wa Mei. Wale wanaozichomeka barua kwenye dari ya jiko kwa kutumaini moshi huua wadudu wamepata nusu ya ukweli: wadudu hukimbia, na joto hula karatasi badala yao.

Kupiga picha kwa simu ni jambo jema, mradi ufanye kama mtu wa kazi. Weka barua karibu na dirisha, pasipo jua la moja kwa moja, zima taa ya simu, piga mbele, nyuma, na bahasha, kisha weka nakala pa pili, kwani simu huanguka na kuibwa. Usizipange upya barua ulizozikuta zimefungwa pamoja. Aliyezifunga kwa uzi mmoja alikuwa na sababu, na sababu hiyo ni habari.

Kuna barua ambazo hutazionyesha kila mtu. Mzee ameandika juu ya talaka, juu ya deni, juu ya mtu aliyetuhumiwa uchawi ambaye wajukuu wake ni majirani zako hata leo. Insafu yataka uwaulize wenye jambo kabla ya kulitangaza, na wakikataa, uiweke barua bila ya kuichoma, kwa maana wasioitaka leo huenda wakaitaka kesho. Jando na unyago navyo vina mipaka yake. Askofu William Vincent Lucas, aliyeiongoza Dayosisi ya Masasi tangu kuundwa kwake mwaka 1926 hata 1944, alijulikana mbali kwa kuliingiza jando katika mwenendo wa Kikristo, na nyaraka za zama zake zagusa mambo ambayo desturi haimruhusu kila mtu kuyasoma. Sishauri yafutwe wala yafichwe milele. Nashauri mtafutaji awaendee wazee waliopita humo, wao waseme lipi litoke na lipi libaki.

Hatimaye, ukiona huwezi kuzitunza, zipeleke mahali penye mtunzaji: nyaraka za taifa, dayosisi, abasia ya Ndanda, au chuo kikuu. Lakini usizikabidhi kwa maneno ya mdomo. Andikeni mapatano nakala mbili, yataje idadi ya barua na bahasha, yaseme kama zimetolewa moja kwa moja au zimewekwa amana, ni nani aruhusiwe kuzisoma na tangu mwaka gani, na kwamba ukoo utapewa nakala bila ya malipo utakapoomba. Jina la atakayeomba lisiwe lako peke yako. Litie na la mpwa wako, mtoto wa dada yako, pamoja na kijiji chake.